Mita Moja na Nusu Katika Mji wa Vichochoro

Maneno haya niliyasema Langoni, Lamu, mbele ya wahudumu wa afya wa mitaani, walimu wa madrasa na manahodha kadhaa wa mashua za Mokowe, gati ya upande wa bara. Vijana wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza kikohozi na vichekesho viwili.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe, walimu wangu, wazee wangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka, nawashukuru kwa kuja. Kabla sijaanza, hebu tazameni viti. Vijana walikuja alasiri wakavipanga, kiti na kiti hatua mbili, kama chumba cha mtihani. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Sasa angalieni. Hakuna hata kimoja kilichobaki mahali pake. Mzee yule amejibanza na mkoi wake bega kwa bega, na akina mama hapa mbele wamefanya viti sita kuwa mkeka mmoja. Na hakuna aliyesema "jamani, tusogee". Mikono imevuta tu.

Siwalaumu, mimi mwenyewe kiti changu nimekisogeza. Nimetaja viti kwa sababu ya swali mlilonipa mliponialika: kwa nini watu wetu hawakusikia walipoambiwa wasikaribiane wakati wa corona? Nimelala na swali hilo siku tatu, na silipendi. Linachukulia kwamba watu hawakusikia. Walisikia sana. Redio ilisema, imamu akasema, watoto walirudi nyumbani wakituimbia jinsi ya kuosha mikono. Watu wakasikia, wakapima, wakaamua. Mizani waliyopimia ndiyo nataka tuizungumze leo, maana nimefanya uuguzi zaidi ya miaka thelathini na sijaona mgonjwa aliyebadilishwa na mtu asiyeijua mizani yake.

Nianze na baraza la mlangoni kwangu, lile jiwe la kukalia nje ya nyumba.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na wenzake watatu wa baraza. Kila alasiri, baada ya sala, wanne hao wako pale kwenye jiwe. Muuza kahawa akija na dele lake, akigonganisha vikombe, mimi juu dirishani najua ni saa ngapi bila kutazama saa. Vikombe vyenyewe mnavijua, ni vile vidogo visivyo na mkono. Mmoja akimaliza, kikombe kinachovywa kwenye ndoo ya maji, kinatiwa kahawa, kinampata wa pili.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Kenya akatangazwa, tarehe 13, siku ya Ijumaa. Wiki ile ile baraza likaanza kujilinda. Walijilinda na nani? Palikuwa na kijana mmoja wa bara, muuza mitumba, aliyekuwa amekaa hapa Lamu mwaka mzima bila kutoka. Huyo alipopita, wazee wakavuta kanzu. Mzungu mmoja mwenye nyumba Shela, kijiji jirani, alipopita, wakageuza nyuso ukutani. Siku mbili tatu kabla Mombasa haijafungwa, mwanzo wa Aprili, akaja rafiki yao wa zamani kutoka Mombasa. Amepanda basi la watu tele, ameshuka Mokowe, amebanwa kwenye mashua, amefika. Wakamkumbatia! Wakampa nafasi katikati ya jiwe, na kikombe kikazunguka watano badala ya wanne.

Nikamwita mume wangu ndani, nikamwambia, "Bwana, yule ametoka kwenye ugonjwa." Akanitazama kama niliyemtusi mtu. Akasema, "Yule ni mwenzetu."

Hapo pana somo zima, mkitaka kuondoka ondokeni. Hatari tunaipa uso, na uso huo huwa wa mgeni. Mtu tunayempenda hatumwoni kuwa hatari, hata akiwa amebeba homa mkononi kama bakuli. Si sisi Waamu, watu wa Lamu, peke yetu. Mwaka 1980 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Neil Weinstein, aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu mabaya gani yatawapata maishani. Kwa wastani wakajiona wao yatawakosa, yatawapata wenzao. Nao ni wasomi, hawajawahi kukaa baraza.

Kuna mwingine, Paul Slovic, ambaye mwaka 1987 aliandika juu ya namna watu wa kawaida wanavyopima hatari. Alisema hawapimi kwa hesabu ya maiti peke yake kama wataalamu. Wanauliza mambo mawili makubwa: kitu hiki kinatisha kiasi gani, na je, tunakijua au ni kigeni? Sasa rudini 2020 mkajitazame. Machi ilipokwisha, wagonjwa waliothibitishwa Kenya nzima hawakufika 100. Na mji huu ulikuwaje? Kimya, hata punda walishangaa. Novemba mwaka ule ule zilikuwepo siku ambazo waliothibitishwa kwa siku moja tu walizidi 1,000, na sisi tuko arusini. Ugonjwa ulikuwa umeongezeka ila ugeni wake ulikuwa umekwisha. Tumeuzoea, tumeupa majina ya utani, tumeufanyia mzaha kwenye simu. Hofu ikapanda wakati ugonjwa uko chini, ikashuka wakati ugonjwa uko juu. Mkiwa wahudumu wa afya, jambo hili litawatesa maisha yenu yote, kwa hiyo bora mlijue leo.

Sisi Waamu tulikuwa na sababu yetu ya ziada ya kudharau, na hii sijasikia ikitajwa sana. Wangapi hapa wanaukumbuka mwaka 2004? Inueni mikono. Naam, nyote wenye mvi.

Ule mwaka wa ukame, maji tumeyaweka kwenye mapipa na mabirika ya kuhifadhia, hayamwagwi wala hayafunikwi. Homa ikaingia. Mtu anaamka hawezi kufunga kifungo cha kanzu, magoti yamevimba, anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Tukapima malaria, hakuna malaria. Baadaye tukaambiwa ni chikungunya, jina la Kimakonde, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza huko Umakondeni, Tanganyika, mwaka 1952. Oktoba 2004 wakaja wataalamu, wakatoa watu damu, wakakuta robo tatu wameshaupata. Wakakadiria watu 13,500 katika kisiwa cha watu 18,000. Kutoka hapa ukaonekana Mombasa, mwaka uliofuata Komoro, kisha Réunion, mpaka India. Lamu tumesafirisha mikoko na papa mkavu, na hilo nalo.

Sasa fikirini mzee aliyepita 2004. Ameugua yeye, mkewe, jirani, imamu na mwalimu wa watoto. Wote wameumwa viungo, wengine miezi, na karibu wote wameinuka. Miaka kumi na sita baadaye anaambiwa kuna homa mpya inakuja. Anasema nini? "Itapita kama ile." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko adhana. Na huwezi kumwita mjinga, maana anahukumu kwa ushahidi alionao mwilini mwake.

Ila ushahidi ule ulikuwa wa kesi nyingine. Chikungunya haikuhitaji pumzi ya jirani, ilihitaji mbu. Ungeweza kumkumbatia mgonjwa kutwa nzima, na kumbe adui amekaa kwenye pipa lako la maji. Corona ni kinyume chake. Hii inatoka kinywani na puani mwa mtu, na kwa kawaida inatoka hata kabla hajajua anaumwa. Ikishaingia mwilini hukaa siku tano hivi bila dalili, wengine mpaka siku kumi na nne. Katika aina ile ya mwanzo, mgonjwa mmoja aliambukiza wawili au watatu watu wasipojikinga. Wawili watatu si kitu, mtasema. Basi nahodha, nisaidie hesabu. Mmoja akiwapa watatu, watatu wakawapa tisa, tisa wakawapa ishirini na saba. Mara kumi hivyo umefika hamsini na tisa elfu, na hata miezi miwili haijaisha. Akili ya binadamu haioni hivyo. Inaona mashua moja, abiria mmoja, mafua kidogo.

Sasa nije kwenye kafyu. Hapa nitasema wazi, na mwenye kukasirika tutaonana nje.

Kafyu ya corona ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa Nakuru lilikuwa jambo jipya. Kwetu sisi neno lenyewe lilikuwa na kovu. Mwaka 2014, baada ya watu wenye silaha kufanya mauaji Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, Lamu iliwekewa kafyu yake, na uvuvi wa usiku ukakatazwa kwa miaka. Kuna nyumba hapa ambazo jiko lilizimika kwa sababu mume hawezi kutoka kutega usiku. Kwa hiyo iliposemwa tena "kafyu", sikio la Mwamu halikusikia "tunakulinda na ugonjwa". Lilisikia gari la askari. Siku hiyo hiyo ya kwanza, kule kivuko cha Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wanangoja feri waende makwao walipigwa rungu na kurushiwa vitoa machozi. Watu wakasukumana, wakalaliana, wakakohoana. Picha zile zilizunguka kwenye simu zote. Ukishaziona, ukiambiwa "jihadhari", unajihadhari na nani?

Na hapa gatini kwetu, ilikuwaje? Saa kumi na mbili kasorobo kila mtu anataka mashua ya mwisho. Amri ya kutukatisha msongamano ikatuletea saa moja ya msongamano kila jioni. Manahodha wanacheka, wanajua. Kwa upande wangu niliona watu wakiogopa faini na rungu kuliko homa, na mtu anayeogopa rungu akishapita askari anavua barakoa. Mwenye kuogopa homa haivui.

Halafu ile mita moja na nusu tuliyoambiwa tuachiane.

Jamani, aliyeiandika hakuwahi kupita kichochoro cha Mkomani akakutana na punda mwenye shogi la mchanga, ule mfuko wa mizigo mgongoni. Kuna njia hapa ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Punda akija unajibandika ukutani, unavuta tumbo, unamsemesha vizuri. Wakituambia mita moja na nusu na sisi mji wetu hauna mita hiyo, watu wanacheka, na amri iliyochekwa mara moja inakuwa ngumu kuheshimiwa hata pale inapofaa.

Na ilifaa. Tatizo ni kwamba tuliambiwa umbali tu, hatukuambiwa hewa. Tukawatoa wazee barazani, kwenye upepo wa kusi, tukawafungia ndani kwenye vyumba virefu vyembamba vya mawe vyenye dirisha moja, watu wanane na bibi. Najua sasa, na wengi walijua kuchelewa, kwamba ndani ya chumba kilichofungwa ndimo ugonjwa unamostawi. Machi 10, 2020 kule jimbo la Washington, Marekani, kwaya moja ilifanya mazoezi ya kuimba, watu 61, kama saa mbili na nusu. Walijihadhari kwa walivyojua: hawakupeana mikono. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Waliougua, wakihesabiwa na wale waliodhaniwa, walifika 53, na wawili wakafa. Hawakupeana mikono, walichoshirikiana zaidi ni pumzi. Wale wanaosoma kasida na kupiga dhikri chumbani na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, naomba wanielewe hapo bila kunilazimisha kusema zaidi. Mimi nayapenda Maulidi kama nyinyi.

Nikirudi nyuma, kwa hukumu yangu, tungewaacha wazee barazani, kila mmoja kona yake na kikombe chake. Tuliwanyang'anya pale palipokuwa salama zaidi kuliko sebuleni.

Sasa kisa changu mwenyewe, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Mei mwaka ule, mke wa ami yangu alifiwa na mwanawe wa kiume. Hakufa kwa corona, alikufa kwa moyo. Amri ilikuwa mazishini wasizidi watu kumi na tano. Mimi ni muuguzi, siku mbili kabla nilikuwa na wagonjwa wanaokohoa. Nimeingia, nimevua viatu, chumba kimejaa wanawake wa mabuibui, hawakuwa kumi na tano, sikuhesabu. Mama yule akaniona, akanyanyua mikono yote miwili. Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema pole.

Kimya. Kisha mmoja pembeni akasema, "Amekuwa mzungu huyu." Na mama mwenyewe, macho mekundu, akaniuliza polepole, "Waniogopa, mwanangu, ama wajiogopa?"

Nikaenda nikamkumbatia. Muuguzi wa miaka yote hiyo! Nilijua kila kitu ninachowaambia leo, na maarifa yote hayakuwa na uzito wa sentensi ile moja. Nikahesabu siku kumi na nne kwenye kalenda ya jikoni. Haikutokea kitu. Yeye mzima, mimi mzima. Na sijui kama mnaona, wanangu, kwamba kutotokea kwake ndiko kulikoharibu. Mwezi uliofuata kwenye msiba mwingine, wanawake wale wale walisema, "Si ulimkumbatia, na kuna nini?" Hatari uliyoiponyoka kwa bahati inakutolea ushahidi wa uongo kwamba haikuwepo. Na ile uliyoikwepa kwa kujikinga haitoi ushahidi wowote. Nani atakuja kunishukuru kwa homa ambayo hakuipata?

Nililala vibaya kwa ajili ya siku ile mpaka nikajiuliza: hivi sisi hatujui kukaa mbali? Mbona ndio mabingwa wake? Mgeni akija nyumba ya Lamu anapiga hodi akiwa nje, anangoja. Akikaribishwa, hatumpeleki ndani moja kwa moja. Kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili, tunaongea pale, kahawa inaletwa pale, na hajisikii amefukuzwa. Mjane anakaa eda, kule kujitenga nyumbani baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliyejifungua anakaa siku arubaini. Usiku wa mvua kubwa, mafundisho yanaruhusu muadhini atangaze kwamba msali majumbani mwenu. Na wakati wa tauni ya Amwas, katika nchi ya Sham, Sayidna Umar, khalifa wa pili, aligeuza msafara njiani, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu akajibu kwamba anaikimbia kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kila mwalimu wa madrasa hapa anakijua kisa hicho kunizidi.

Tazameni umbali huo wote una nini. Una jina, una heshima ndani yake, na una mwisho unaojulikana. Mwanamke wa eda anajua siku yake ya kutoka. Sasa linganisheni na tulichopewa. Kafyu ya saa moja, ikawa saa tatu Juni, ikawa saa tano Septemba, ikarudi saa nne Novemba, na haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hakuna aliyetuambia kwa lugha yetu inaisha lini na kwa alama gani. Na jina lake lilikuwa "umbali wa kijamii", maneno ambayo kwa Kiswahili cha nyumbani yanasikika kama kususana. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliona kasoro hiyo mapema, Machi 2020, likaanza kusema umbali wa miili, kwa kuwa nyoyo hazikutakiwa kutengana. Sisi hatukulisikia sahihisho hilo. Tuliendelea kuambiwa tusiwe jamii.

Watu zaidi ya 5,600 wamehesabiwa rasmi kufa kwa corona Kenya. Wengine walikuwa wazee wetu. Siwezi kuwaambia ni wangapi wangebaki kama tungesema vizuri. Nawaambia tu kilichonitokea baadaye mwaka ule.

Ami mwenyewe alifariki. Nikaenda tena nyumba ile, miguu mizito. Nikapiga hodi. Mjukuu akaja, akasema, "Bibi asema ukae hapo." Nikadhani nimesusiwa. Nikakaa dakani, jiwe la mkono wa kulia. Muda kidogo mama akatoka ndani, amejifunika, akakaa jiwe la kushoto, mlango wa barabarani u wazi na upepo unapita kati yetu. Akasema, "Mimi ni mtu wa eda, na wewe ni mtu wa hospitali. Tukae hapa." Tukalia, yeye huku na mimi kule. Mtoto akaleta vikombe viwili.